MAONI – Kivu: Anayefunga WhatsApp yake vizuri analinda jamaa yote

Ujumbe unakuja asubuhi, wakati watu wanajitayarisha kwenda kazini ao sokoni. Unatoka kwa namba inayojulikana: shemeji, mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa mtoto. «Yaya, habari ya asubuhi. Kuna kode moja ya namba 6 imefika kwa telefone yako kwa makosa. Ilikuwa yangu. Unitumie haraka tafadhali.» Mtu anaangalia SMS zake, anaona kweli kode imeingia, na kwa sababu ni shemeji anayeomba, anaituma. Dakika mbili baadaye WhatsApp yake inajifunga mbele ya macho yake. Aliyeomba hakuwa shemeji. Ni mwizi aliyeiba akaunti ya shemeji mapema, kwa ujumbe ule ule.

Ujanja huu si mgeni tena katika miji ya mashariki mwa Kongo. Na kila mara unapompata mtu, majirani wanatoa hukumu moja: aliyetuma kode ni mjinga. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Aliyetuma kode alifanya kile alichofundishwa tangu utoto: ndugu akiomba, unasaidia. Mwizi hakutumia ujinga wake. Alitumia wema wake.

Kosa la kweli liko mahali pengine. Liko katika wazo kwamba usalama wa telefone ni jambo la mtu peke yake, kwamba akaunti ikiibwa ni shauri la mwenyewe. Sivyo. Akaunti moja ikifunguliwa na mwizi, wanaolia ni watu wengi, na mara nyingi mwenye akaunti siye anayepoteza feza nyingi.

Mtu afuate tu njia ya mwizi. Akisha kuingia, hatafuti feza za mwenye telefone. Anafungua orodha ya watu wake. Anamwandikia mdogo wake aliye Kampala: «Mtoto amelazwa, wanadai dola 50 mbele ya kumtibu, nitarudisha Jumatatu.» Anamwandikia mjomba aliye Kalemie. Anaandika katika kundi la wazazi wa shule, katika kundi la kanisa, katika kundi la jamaa lenye watu 80. Anatoa namba ya kupokelea feza, akisema ni ya jirani kwa kuwa yake ina tatizo. Kati ya watu 80, wakidanganyika 3 tu, mwizi amepata mshahara wa mwezi wa mwalimu, na mwenye akaunti hajapoteza hata franga moja. Aliyopoteza ni jina lake. Na jina likichafuka, siku mtoto atakapolazwa kweli, nani atatuma?

Katika inchi nyingine jambo hili ni usumbufu. Katika Kivu ni hatari, kwa sababu telefone imekuwa benki. Huduma za kutuma feza kwa telefone zilianza kuenea Kongo mwaka wa 2012, na watu wengi ambao hawakuwahi kuwa na konti ya benki walipata kwa mara ya kwanza mahali pa kuweka feza pasipo kuificha chini ya godoro. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, Goma ikaingia mikononi mwa M23, na benki za mji zikafunga milango. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wazee wenye watoto ng'ambo wakabaki na njia moja: telefone na kabine ya pembeni ya barabara. Karo, dawa, kodi ya nyumba, mchango wa matanga, yote yanapita hapo. Na kabla feza haijatumwa, kwanza kuna mazungumzo, na mazungumzo hayo yako kwenye WhatsApp. Anayeshika WhatsApp ya mtu anashika mlango wa feza za watu wote wanaomwamini.

Kuna tena jambo lisilohusu feza. Katika mji ambao watu wanalala na viatu karibu, ujumbe mmoja unaweza kuwahamisha. Kama akaunti ya shefu wa avenue, ya padri, ya mwandishi wa habari ao ya kiongozi wa shirika la raia ikiibwa, mwizi anaweza kuandika kwa jina lake kwamba vita vimefika mahali fulani, na mama wajawazito wakaanza kukimbia usiku kwa uongo. Mwenye nia mbaya zaidi hataandika neno. Atakaa kimya, aangalie nani yuko katika makundi gani, na aandike majina yao. Mahali ambapo kuwa katika kundi fulani kunaweza kumletea mtu matatizo, kode ya namba 6 si mchezo.

Basi kode hiyo ni nini hasa? Inafaa kueleza polepole, kwa sababu wezi wanaishi kwa yale ambayo watu hawakuelezwa.

WhatsApp haimjui mtu kwa jina wala kwa uso. Inamjua kwa namba yake ya telefone. Mtu akiiweka katika telefone mpya na kuandika namba, WhatsApp inataka hakikisho kwamba namba ni yake kweli. Inatuma kode ya namba 6 kwa SMS, ao inapiga na kuisoma kwa sauti. Anayeirudisha kode hiyo anahesabiwa kuwa mwenye namba. Kode inatumika mara moja tu, na kila anayejaribu tena anapata nyingine.

Hapo ndipo uongo wa «imefika kwako kwa makosa» unaonekana wazi. Kode haipotei njia. Inakwenda kwa namba iliyoandikwa. Kama imefika kwa telefone ya mama fulani bila yeye kuiomba, maana yake ni moja: kuna mtu, wakati huo huo, ameandika namba ya mama huyo katika telefone nyingine na anajaribu kuingia. SMS ile ni kengele ya mlango. Mwizi yuko nje anabisha, na anamwomba mwenye nyumba ampitishie ufunguo dirishani.

Kwa hiyo sheria ni fupi, na haina ubaguzi: kode haipewi mtu. Hapewi yaya, hapewi mume, hapewi pasta, hapewi mtu anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya telefone. Kampuni ya kweli haina haja ya kumwomba mteja aisome kode ambayo yenyewe imeituma.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Mtu anaweza kuijua kwa moyo na akadanganyika siku amechoka, siku ana homa, siku ya matanga. Wezi wanachagua siku hizo. Na wanabadilisha wimbo kila mara. Leo ni shemeji. Kesho ni mtu wa shirika la misaada: «Jina lako limo katika orodha ya watakaopewa msaada, thibitisha kwa kode uliyopokea.» Kwa mtu aliyepoteza nyumba na shamba, ujumbe huo unagusa mahali penye njaa. Kesho kutwa ni mtu anayeomba mwenzake abonyeze alama fulani kwenye telefone, nyota, 21, nyota, kisha namba ya watu ambao hawajulikani. Alama hiyo inapeleka wito wote wa mtu kwa telefone ya mwizi, naye anaomba WhatsApp imsomee kode kwa sauti. Aliyebonyeza kwa bahati mbaya anaweza kuvunja kwa ##002#, lakini wachache wanajua.

Ndiyo maana inahitajika kufuli ya pili, isiyotegemea SMS wala wito. WhatsApp imeitoa kwa watu wote tangu 2017, bure. Ni namba 6 ambazo mtu anazichagua mwenyewe na kuziweka kichwani. Siku mtu mwingine akijaribu kuingia, hata akiwa na kode ya SMS mkononi, ataulizwa namba hizo, na hapo atakwama. Telefone nyingi za Kongo zinasema Kifaransa, kwa hiyo njia ni hii: mtu anafungua Paramètres, anaingia Compte, kisha Vérification en deux étapes, anabonyeza Activer, anaandika namba zake 6 mara mbili. Itamwomba pia anwani ya barua pepe. Wengi wanairuka hatua hiyo, na wanakosea, kwa sababu barua pepe ndiyo itakayomsaidia siku akisahau. Asiyeiweka na akasahau namba zake atangojea siku 7 mbele ya kufunguliwa.

Kazi yote inachukua dakika tatu. Haihitaji unite nyingi, haihitaji telefone ya bei kali.

Wengine wanaona kufuli ya pili ni mambo ya Wazungu, ao ya watu wa ofisi. Lakini mama wa Kivu wanaijua tangu zamani. Waangalie sanduku la AVEC. Mtindo wa vikundi hivyo vya akiba ulianza Niger mwaka wa 1991 kwa msaada wa shirika CARE, na leo vimejaa vijijini na mijini mwetu kote. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu, si yule anayelala na sanduku. Hakuna anayesema kwamba kwa kuweka kufuli tatu kikundi kimemwita mweka hazina mwizi. Kila mtu anaelewa: kufuli zinamlinda yeye pia. Mwizi akimkamata njiani, hawezi kumfungulia hata akitaka. Namba 6 za WhatsApp ni kufuli ya namna hiyo. Zinamlinda mwenye telefone siku ambayo wema wake mwenyewe unataka kumwangusha.

Cha kushangaza ni hiki: mweka hazina yule yule, mwenye sanduku la kufuli tatu, anaandika hesabu za kikundi katika WhatsApp ambayo haina hata moja. Picha za daftari la michango, majina ya waliokopa, namba za telefone za wanachama 25, siku ya kugawana. Sanduku limefungwa, lakini habari zote za sanduku ziko barabarani.

Inabidi kusema pia mipaka ya SMS, kwa sababu kuna watu watakaosoma hapa wenye barua pepe, Facebook ya redio, ukurasa wa shirika ao wa duka. Huko pia kuna uhakikisho wa hatua mbili: kwanza neno la siri, kisha kode. Na njia ya kawaida ya kupata kode ni SMS. Ni bora kuliko kukosa kabisa. Mwaka wa 2019 Google ilitoa matokeo ya uchunguzi iliofanya pamoja na watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani: kode ya SMS ilizuia mashambulizi yote ya mashine, ikazuia 96 kwa 100 ya ule udanganyifu unaotumwa kwa watu wengi pamoja, na 76 kwa 100 ya mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja. Kwa hiyo anayesema SMS haifai kitu anakosea.

Lakini hiyo 24 iliyobaki kwa 100 ndiyo inayowahusu wenye kulengwa, na Kongo ina sababu zake za ziada za kutoegemea SMS peke yake.

Sababu ya kwanza ni kadi SIM yenyewe. Mwizi anaweza kwenda kwa wakala, akadai amepoteza telefone, akapewa kadi mpya yenye namba ya mtu mwingine. Tangu hapo SMS zote zinakwenda kwake. Hili halichagui mkubwa wala mdogo: Agosti 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, aliona akaunti yake ikiandika matusi kwa sababu namba yake ilichukuliwa kwa namna hiyo. Kama ilimpata yeye huko Marekani, itamkosa nani hapa, ambapo wengi bado wanatembea na kadi SIM iliyoandikishwa kwa jina la muuzaji, ama la binamu aliyekuwa na kadi ya uchaguzi siku ile? Mtu wa namna hiyo akienda kudai namba yake, karatasi inasema si yake.

Sababu ya pili ni kuhama. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, viongozi waliamuru sehemu kubwa ya Goma ihamishwe, na watu wakatoka usiku wakibeba watoto na magodoro. Mwaka wa 2025 wengine wakakimbilia Burundi, Uganda, Rwanda, ama Kongo ya mbali. Katika kukimbia telefone inaanguka, inaibwa, inauzwa kwa chakula. Mtu akifika upande wa pili ananunua kadi ya inchi ile. Namba ya zamani inakaa bila kutumiwa, na baada ya miezi kampuni inaiuza upya. Mwenye kuinunua hana kosa, lakini kode za yule mkimbizi zitaingia kwake. Hivi barua pepe ya mtu, yenye picha za diploma na hati ya shamba, inabaki imefungwa na ufunguo ulio mfukoni mwa mgeni.

Sababu ya tatu inajulikana na kila Mkongomani aliyewahi kupiga kura. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011 SMS zilikatwa inchi nzima. Januari 2015, wakati wa maandamano, zilikatwa tena pamoja na intaneti. Na kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, inchi ilikaa karibu siku 20 bila intaneti, na SMS nazo zikazimwa. Mtu anayengojea kode ya SMS siku za namna hiyo atangoja sana.

Dawa ipo. Kuna programu ndogo za kutengeneza kode ndani ya telefone yenyewe, kama Google Authenticator na nyingine zinazofanana nayo. Zinafuata kanuni iliyoandikwa wazi tangu 2011: siku ya kuiunganisha, akaunti na telefone zinapatana siri moja, tangu hapo kila moja inaangalia saa yake na kupiga hesabu ile ile, na kila sekunde 30 kode mpya inatoka. Hakuna kinachosafiri hewani. Haina haja ya rezo, ya unite, wala ya kadi SIM. Mtu anaweza kuwa kisiwani Idjwi bila hata mstari mmoja wa rezo na kode ikatoka. Kinachotakiwa tu ni saa ya telefone iwe sawa.

Na kwa siku telefone yenyewe itakapopotea, kuna kode za akiba. Google inampa mtu 10, kila moja namba 8, na kila moja inafanya kazi mara moja. Hizo haziwekwi katika telefone ile ile. Zinaandikwa kwenye karatasi, na karatasi inakaa pamoja na kadi ya uchaguzi, hati za watoto na diploma, katika ule mfuko ambao jamaa za Kivu zimezoea kuuweka tayari karibu na mlango. Anayejua kuutayarisha mfuko huo amekwisha kuelewa nusu ya somo hili.

Watu wana majibu yao, na yanastahili kusikilizwa.

Wa kwanza anasema: «Mimi ni maskini, wataniibia nini?» Jibu limekwisha kutolewa. Hawaibi mfuko wake, wanaiba jina lake ili waingie mifuko ya wengine. Maskini mwenye jina zuri ni mali kubwa kwa mwizi.

Wa pili anasema: «Nitasahau hizo namba.» Hofu hiyo ni ya kweli, hasa kwa wazee. Lakini mzee huyo huyo anaikumbuka siku ya harusi yake na mwaka aliobatizwa mtoto wake wa kwanza. Achague namba zenye maana kwake ambazo wengine hawazijui, asichague 123456 wala mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kadi. WhatsApp yenyewe inamuuliza mara kwa mara ili asisahau. Akiwa na wasiwasi, aandike kwenye karatasi iliyofichwa nyumbani. Karatasi nyumbani ni hatari ndogo kuliko mlango usio na kufuli.

Wa tatu anasema: «Mimi na mke wangu hatufichani, kwa nini niweke namba ya siri?» Hapa kuna kuchanganya. Bwana na bibi wanaweza kuzijua namba zote mbili, hayo ni mapatano ya nyumba yao. Kufuli haikuwekwa kwa ajili ya mke. Imewekwa kwa ajili ya yule asiyejulikana, aliye mbali.

Kuna desturi moja inayohitaji kuguswa kwa upole: kumpa mwenye kabine telefone na kumtajia namba ya siri ya feza kwa sauti, mbele ya watu wanaongoja. Wengi wanaofanya hivyo ni wazee na wasiojua kusoma, na wenye kabine walio wengi ni waaminifu. Lakini namba iliyosemwa barabarani haiko siri tena. Mwenye kabine mwema angemfundisha mama kubonyeza mwenyewe, ageuze uso wakati anaandika, kama vile mtu anavyogeuza uso mgeni anapovaa. Ni heshima tu.

Hata hivyo haifai kuwabebesha raia mzigo wote. Kuna wanaokula faida ya kila SMS na kila feza inayotumwa, nao wana deni.

Deni la kwanza ni lugha. Ujumbe wa kode mara nyingi unafika na onyo lake kwa Kifaransa: usimpe mtu kode hii. Mama wa Kalehe asiyesoma Kifaransa anaona namba tu. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Matangazo ya kumwita mteja anunue unite yanajua kusema Kiswahili vizuri sana. Onyo la kumwokoa nalo lijifunze. Maneno manne yanatosha: «Usimpe mtu kode hii.»

Deni la pili ni uangalifu wa kadi SIM. Namba isihamishwe kwa kadi mpya bila mwombaji kuonyesha kadi yake na kujibu maswali, na bila onyo kutumwa kwanza kwa kadi ya zamani. Na wale ambao kadi zao zina majina ya wengine wapewe njia rahisi ya kuzirekebisha, pasipo kulipishwa na pasipo kusukumwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Mamlaka ya ARPTC, inayosimamia kampuni za telefone, ipo kwa ajili ya kazi ya namna hiyo.

Deni la tatu ni la serikali. Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina Code du numérique, sheria inayoadhibu pia wizi na udanganyifu wa mtandaoni. Sheria ni nzuri, lakini mama aliyeibiwa dola 50 hajui aende wapi, na akienda atatumia 20 za usafiri na makaratasi. Na huku ambako ofisi zimebadilisha wenye mamlaka ama zimefungwa, sheria hiyo iko mbali kama mwezi. Ni kwa sababu hiyo kinga inapita dawa. Anayengoja kurudishiwa atangoja. Anayefunga mapema hana cha kungojea.

Kwa aliyekwisha kuibiwa, wakati ni mali. Airudishe WhatsApp katika telefone yake mara moja na kuomba kode mpya; akiiandika, mwizi anatolewa papo hapo, hata kama mwizi ameweka namba zake 6 na mwenye akaunti akalazimika kungoja zile siku 7 ili aingie kabisa. Akisha kuingia, aangalie sehemu ya Appareils connectés na kutoa kila mashine asiyoijua. Na kabla ya yote hayo, awapigie watu wake kwa sauti: «WhatsApp yangu imeibwa, msitume feza.» Asione haya. Haya ndiyo rafiki mkubwa wa mwizi. Kila saa ya kunyamaza ni saa ya mwizi kufanya kazi.

Na kwa anayepokea ombi la feza, desturi moja tu ingeua biashara hii yote: haitumwi feza kwa maandishi. Mtu anapiga kwa namba ya kawaida, anasikia sauti, anauliza jambo ambalo ndugu tu anaweza kulijibu. Ndugu wa kweli hatakasirika. Atafurahi kwamba jina lake linalindwa.

Vikundi vya AVEC vinakutana kila juma. Kabla ya kufungua zile kufuli tatu, viongozi wanaweza kutenga dakika kumi. Vijana wanaojua telefone wakae karibu na mama na baba zao, kila mmoja afungue Paramètres, achague namba zake 6 mwenyewe pasipo kumwonyesha jirani. Makwaya yafanye hivyo kabla ya mazoezi, wazazi wa shule kabla ya mkutano, redio zetu zirudie katika Kiswahili, Mashi, Kinande na Kihavu. Hakuna anayepaswa kungoja msaada wa nje ili jambo hili lifanyike. Kikundi chenye watu 25 waliofunga akaunti zao kimefunga milango 25, na mwizi akipita huko atakuta avenue nzima imelala salama.